Taa ya Pili

Mistari minne. Ukiichapa kwenye karatasi haifiki hata robo ya ukurasa. Niliiandika asubuhi moja nikiwa na kikombe cha chai ya tangawizi pembeni, nikaijaribu, ikafanya kazi mara ya kwanza, jambo ambalo katika kazi yangu halitokei ovyo. Kisha nikaifungia ndani ya kompyuta mwaka mzima, nisiipeleke inakotakiwa. Na inakotakiwa ni wapi? Kigwa. Ukitoka Tabora mjini asubuhi, unafika Kigwa chai haijapoa. Aibu tupu.

Ninaandika programu za vifaa vidogo. Si zile za simu ambazo watu wanazijua, za picha na muziki. Zangu hakuna anayeziona. Ukiwasha kifaa chochote, kuna programu moja ndogo inayoamka kabla ya zote, nayo ndiyo inayoziamsha nyingine: wewe memori amka, wewe saa amka, wewe sehemu ya simu amka. Mle ndani kuna pia chipu inayogawa umeme, ndogo kama ukucha, na ndani ya chipu hiyo kuna swichi ambazo hakuna kidole kitakachozigusa. Zinawashwa na kuzimwa kwa amri. Kipande cha programu kinachotoa amri hizo tunakiita draiva. Draiva ya chipu ninayotaka kuisimulia niliiandika mimi, peke yangu, wiki tatu, na nikaringa nayo kama bwana harusi.

Kisanduku chenyewe kilizaliwa kwa sababu ya baba mkwe wangu. Alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalala, na mdomo ukavutika. Watoto wote wako mbali, mke wangu ndiye wa karibu, nasi tunaishi mjini. Pale nyumbani alibaki na mama mkwe peke yake. Simu ya mama ilikuwa inakaa zaidi kwenye kibanda cha kuchajia kuliko mkononi mwake, na hata ikiwa na chaji, ilikuwa imepotelea kwenye kibuyu, kwenye khanga, kwenye kapu la karanga. Mke wangu alikuwa halali vizuri. Kila jogoo akiwika ananiambia, "Sijui kule wameamkaje."

Nikamwambia, tulia, mume wako ni fundi. Nikachukua bodi iliyobaki karakana kwetu, betri, paneli ndogo ya jua, nikatengeneza kisanduku chenye kitufe kimoja chekundu kikubwa kama kifuniko cha chupa ya soda. Mama akikibonyeza, kisanduku kinapiga simu kwangu, kwa mke wangu, na kwa jirani mwenye gari anayekaa ng'ambo ya reli. Basi. Hakuna namba za kukariri, hakuna kutafuta miwani.

Siku ya kukipeleka, mzee aliletwa barazani kwa kiti. Nikampa shikamoo, akaitikia kwa upande wa mdomo uliobaki mzima. Alikuwa mtu wa reli. Ujana wake wote aliumaliza kwenye vituo vya njia ya kati, kazi yake ikiwa kugeuza njia: kuvuta ule mkono mrefu wa chuma ili treni iache njia hii iingie ile. Babu yake, alipenda kutuambia, alipita palepale kwa miguu, pembe begani, kwenye misafara ya kwenda pwani. "Sisi ni watu wa njia," alisema. "Wewe mkwe wangu ndiye umeniletea mambo ya hewani."

Nikaanza kumweleza. Nilikuwa na mdomo siku ile, Mungu anisamehe. Nikamwambia kuna chipu, kuna swichi tano, ya tatu ndiyo inayoamsha sehemu ya simu. Akaniuliza swali moja tu.

"Na utajuaje kwamba imewaka?"

"Nimeiamuru, mzee."

Akacheka. Alicheka hadi mama mkwe akatoka jikoni kuja kutazama kulikoni. "Ameiamuru!" akamwambia. "Huyu kijana ameiamuru!"

Halafu akanisimulia, polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache. Alikuwa bado mgeni kazini. Treni ya mizigo inakuja, yeye akavuta mkono wa chuma, ukalala kulia kama inavyotakiwa. Mkuu wake akamwambia kabla hujapunga bendera, tembea ukaangalie. Akanung'unika, akatembea. Akakuta kokoto moja, kama yai la kuku wa kienyeji, imebanwa kati ya reli na reli. Mkono umelala, njia haijafunga. Treni ile ingepanda juu ya kokoto na kwenda kulala porini. Tangu siku ile hadi anastaafu hakuwahi kupunga bendera kabla ya kwenda kuangalia kwa macho yake, mvua inyeshe, jua liwake.

"Mkono unasema tu," aliniambia. "Reli ndiyo inayojua. Kaiulize reli."

Nikasema ndiyo mzee. Ndiyo mzee ni neno jepesi sana kinywani. Akaniomba niweke taa, ili aliye kitandani naye ajue. Nikakirudisha kisanduku mjini, nikaweka taa mbili ndogo juu yake. Ya kwanza nyeupe: kisanduku kina umeme. Ya pili ya kijani: sehemu ya simu imeamka, ukibonyeza utasikika.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo dhambi yangu ilipo, na ni ndogo kiasi kwamba hata mwenzangu wa karakana nilipomwonyesha baadaye aliuliza, "Iko wapi?" Taa ya pili niliifunga kwenye amri. Programu yangu iliiambia chipu, washa swichi ya tatu, halafu papo hapo ikawasha taa ya kijani, ikaendelea na safari. Haikusubiri jibu. Na jibu lilikuwapo! Chipu ile ina mahali pa kuulizia: ukiiuliza, inakwambia swichi ya tatu imewaka kweli, au nimeikata mwenyewe kwa sababu umeme ulikuwa hafifu. Kuuliza kwenyewe ni mistari minne. Sikuuliza. Nilikuwa na haraka, mezani ilikuwa inawaka kila siku, na ninajua kuandika mistari hiyo nikiwa nimefumba macho.

Wala siwezi kujitetea kwamba sikuona dalili. Mara moja, mezani kwangu, betri ikiwa imechoka, taa ya kijani iliwaka na simu haikutoka. Nikasema, "Ah, betri tu hiyo." Nikaweka nyingine, nikaenda kula. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliuona, nikaning'inizia kalenda juu yake.

Kisanduku kikarudi Kigwa. Kikawekwa chumbani, kwenye stuli karibu na kitanda cha mzee. Aliyekiweka ni mke wangu, maana mkwe haingii chumbani kwa wakwe zake. Hilo halijadiliwi. Miaka tisa nimekula ugali wa nyumba ile, nimelala chumba cha wageni, nimemwagiwa maji ya kunawa na mama mwenyewe, lakini pazia la chumba chao, la maua ya bluu, nililijua kwa upande wa nje tu. Nikasimama ukumbini nikawa natoa maelekezo kwa sauti, mke wangu anarudia ndani, mama anaitikia. "Mwambie akibonyeza, akae na mzee. Asitoke. Asimwache akakimbilia kwa watu, mzee akajaribu kunyanyuka na kuanguka. Abonyeze, akae, sisi tutafanya mengine."

"Nimesikia, baba," mama akasema kutoka nyuma ya pazia.

Kama ningeweza kuingia mle hata siku moja tu baada ya pale, ningeona kitu ambacho hakuna aliyefikiria kuniambia hadi baada ya msiba. Mama alikuwa anakipumzisha kisanduku. Kila asubuhi anakizima, kila jioni anakiwasha. Kwetu mashine hupumzishwa, nani asiyejua? Mama yangu mzazi alikuwa na redio ambayo taarifa ya habari ikiisha inazimwa, inafunikwa kitambaa cha kufuma, inaachwa ipoe, na ole wako uiguse. Nimekulia kwenye nyumba yenye kitambaa kile. Lakini nilipokaa kuandika draiva nilijisahau nimetoka wapi. Nilimwandikia mtu asiyezima kitu. Na kisanduku kile kikizimwa hakipokei jua. Kwa hiyo kutwa nzima, jua la Tabora lilivyo kali, betri ilikuwa haili chochote. Jioni mama akiwasha, sehemu ya simu inaamka na njaa yake, inavuta umeme kwa pupa, chipu inaona umeme unazama, inakata swichi ya tatu ili kuokoa vilivyobaki. Inaandika alama yake mahali pa kuulizia. Na taa ya kijani inawaka.

Mzee alianguka asubuhi moja ya mvua, kabla mama hajakizima. Mama akabonyeza. Akakaa naye kama alivyoambiwa. Akabonyeza tena, mara ya pili, ya tatu. Akampakata kichwa, akamwimbia. Hakutoka. Mkwe alisema asitoke. Alikuja kutoka saa tatu, mvua ilipokatika, akapiga mayowe ndipo jirani akaja na gari. Mimi muda wote huo simu yangu ilikuwa mezani, imejaa chaji, iko kimya, nami nanyoa ndevu.

Tukampoteza jioni ileile.

Siku ya tatu ya matanga nilimwomba mke wangu anitolee kisanduku. Nikajificha nacho nyuma ya nyumba, karibu na kihenge, nikaunganisha kompyuta. Nikaiuliza chipu kwa mkono lile swali nililoshindwa kuliandika. Ikajibu bila kusita. Alama ilikuwepo: swichi ya tatu, imekatwa. Nikaketi chini kwenye tope na suruali ya msiba.

Niliporudi barazani, mama mkwe alikuwa amekaa mkekani na wanawake wa jumuiya yao ya kanisani, kitambaa cheusi kichwani. Akaniita. Akaniuliza mbele ya wote, mke wangu akiwa amemshika bega.

"Baba, nieleze wewe unayejua. Taa ile ya kijani niliiona inawaka. Nilibonyeza nikiiona. Kwa nini hamkusikia? Au haikuwa inawaka, ni macho yangu?"

Naapa nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema ukweli. Nikaona macho ya mke wangu. Nikaona wale wanawake, na shemeji zangu waliosafiri usiku na mchana, na nikaona jinsi watakavyonitazama: mkwe fundi, mkwe wa kujidai, amemuua mzee wetu na kisanduku chake. Maneno yaliyotoka ni haya:

"Pengine ni macho, mama."

Akatikisa kichwa polepole. "Ndiyo," akasema. "Umri."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, na nilimwacha mwingine aitembee. Mama mkwe alikuwa hodari wa kuchambua karanga za mbegu. Watu wa vijiji vya jirani walimletea magunia yao, anakaa barazani na ungo, vidole na macho, nzuri huku, mbovu anazitupa kwenye debe la bati, ti, ti, ti. Hakuna mbovu iliyompita. Baada ya msiba akaacha. Aliwarudishia watu magunia yao akisema macho yamemsaliti. Mdogo wake aliyehamia kuishi naye akatueleza kwamba sasa anauliza kila kitu: moto umewaka? Mlango nimeufunga? Huyu anayekuja ni nani? Tukamleta mjini kwa daktari wa macho. Daktari akampima, akampima tena, akasema kwa umri wake macho haya ni mazuri. Mama akamshukuru kwa adabu. Nje akamwambia mke wangu, "Daktari naye kijana, anasema ya kunifurahisha." Nami ndiye niliyekuwa nimeshika mkoba wake.

Mistari minne nilikuwa nimeshaiandika wiki ileile ya msiba. Sikuipeleka, kwa sababu kuipeleka kungekuwa kukiri. Nilijiambia hakuna haraka, mdogo wake yupo na ana simu nzuri. Kisanduku kilirudishwa chumbani kwa sababu mama alikitaka, kilikuwa kitu cha mzee. Majuto ni mjukuu, lakini huyu wangu hakukawia kuzaliwa. Alinizoea, akakaa mapajani kwangu kila nilipofungua kompyuta.

Kilichonitoa nyumbani ni jambo dogo. Mke wangu alirudi kutoka Kigwa akaniambia, wakati anapanga michembe ya viazi vikavu aliyopewa, kwamba mama ameungama kwa padri kuwa alimdanganya mumewe. Nikauliza alimdanganya nini. "Ni ile taa," akasema. "Baba alikuwa anamuuliza kila jioni kabla ya kulala. 'Taa ya pili?' Mama anaangalia, anamwambia imewaka. Baba anasema, 'Haya, tulale.' Sasa mama anasema jioni zote zile alikuwa anamdanganya mtu asiyeweza kunyanyuka kwenda kuangalia mwenyewe."

Nikaacha chai yangu pale pale. Kumbe mzee alikuwa anakwenda kuangalia. Mguu haukumbeba, akawa anatuma macho ya mkewe, kila jioni, kama alivyofanya maisha yake yote. Aliiuliza reli. Nami nilikuwa nimeifundisha reli kusema uongo.

Kesho yake nikamwambia mke wangu ninapeleka sukari na sabuni kwa mama. Nilikuta nyumba imetulia, mdogo wake amekwenda shambani. Tukasalimiana, mwangaluka, za mjini, za watoto. Nikanywa maji. Nikazungumzia mvua. Nikazungumzia bei ya mbolea, mimi nisiyelima hata mchicha! Mwisho nikasema nimekuja kukiangalia kisanduku.

"Ingia ukichukue," akasema.

Nikadhani sikusikia.

"Ingia, baba. Mimi nitakigonga ukutani, sioni. Mwenye chumba hayupo tena wa kukuzuia."

Nikavua viatu. Nikasogeza lile pazia la maua ya bluu. Chumba kilikuwa kidogo kuliko nilivyokidhani miaka yote. Kitanda cha mzee kimetandikwa shuka jeupe, hakuna aliyekilalia. Kisanduku kwenye stuli, na taa zote mbili zinawaka, nyeupe na kijani. Nikatoa simu yangu mfukoni, nikaishika mkono mmoja, kwa mkono mwingine nikabonyeza kitufe. Nikasubiri. Nikabonyeza tena. Simu haikulia. Taa ya kijani ilikuwa inang'aa vizuri kabisa.

Mama akasema kutoka upande wa pili wa pazia, "Mdogo wangu hajui, lakini bado nakiwasha kila jioni. Leo sijakizima bado. Taa ya pili, baba, imewaka? Mimi naona kama imewaka."

Swali lilelile. Safari hii hapakuwa na wanawake wa jumuiya, wala shemeji, wala mke wangu.

"Imewaka, mama," nikasema. "Unaona sawasawa. Ulikuwa unaona sawasawa siku zote. Siku ile iliwaka, na jioni zote ulizomwambia mzee imewaka, iliwaka. Hukumdanganya. Taa ndiyo iliyokuwa inadanganya. Mimi ndiye niliyeitengeneza hivyo. Mzee aliniambia niulize kwanza, sikuuliza."

Nilisikia kuku wanaparua nje.

"Sikumdanganya," akasema, si kwangu.

"Hukumdanganya, mama."

"Na siku ile barazani, uliponiambia ni macho. Ulikuwa umeshajua?"

"Nilikuwa nimeshajua."

"Mwaka mzima, baba?"

"Mwaka mzima, mama."

Nikangoja anipigie kelele. Nilitamani anipigie kelele. Nikasikia tu anajikohoza, anakaza khanga.

"Sasa toka chumbani kwangu," akasema.

Nikatoka na kisanduku kifuani, macho chini. Hakunitazama, wala sikungoja anitazame. Nikaenda kukaa nje kwenye benchi la mzee, nikavaa viatu. Ndani nikasikia anaburuta kitu kizito, gunia lake la karanga, kisha kimya. Kisha karanga mbovu ya kwanza ikagonga bati. Ikapita kitambo, ya pili. Halafu zikaanza kufuatana, ti, ti, ti, hazikosi, nami nimekaa pale nazisikiliza, bado sijajua nitakwenda kumwambia nini mke wangu.